Kwa nini sehemu ya pili hujaza ukumbi, halafu ya tatu ikabuma?

Ukisimama nje ya kibanda umiza Manzese au Tandika siku inapoonyeshwa sehemu ya pili ya filamu ya wachawi na majoka, utamwona mtu anasita mlangoni, mkono mfukoni. Haulizi wahakiki wa Marekani wamesemaje. Anauliza, "Steringi ni yule yule?" Akijibiwa ndiyo, anatoa hela, anainama, anaingia.

Swali lake lina akili kuliko linavyoonekana. Tiketi za wiki ya kwanza za sehemu ya pili huuzwa na sehemu ya kwanza, maana filamu mpya hakuna aliyeiona. New Moon ya 2009 ilipondwa na wahakiki wengi, lakini ilivuna takriban dola milioni 700 duniani, wakati Twilight iliyoitangulia mwaka 2008 iliishia karibu milioni 400. Mashabiki walifuata penzi la binti na mnyonya damu, wakalipata. Mhakiki alikuwa anapima kitu kingine kabisa.

Sifa za wahakiki nazo haziokoi. Chukua Narnia. Filamu ya kwanza ilitoka Desemba 2005, ina theluji, simba anayesema na watoto wanaoingia kabatini, ikakusanya zaidi ya dola milioni 700. Disney ikaona mgodi huo, bajeti ya filamu ya pili, Prince Caspian, ikapandishwa hadi zaidi ya milioni 200. Wahakiki hawakuichukia, wengi waliisifu kiasi. Tatizo ni kwamba ilikuwa nzito, vita tupu, na ikatolewa Mei 2008, wiki mbili baada ya filamu kubwa ya Iron Man na siku chache kabla ya nyingine ya Indiana Jones. Familia zilizokumbuka maajabu ya Krismasi hazikuitambua. Ikapata takriban milioni 419. Ni hela nyingi, ndiyo, lakini toa karibu nusu inayobaki kwa wenye majumba ya sinema, toa na matangazo, uone kinachosalia. Desemba mwaka huo huo Disney ikajitoa.

Filamu ya mapenzi ya nyumba moja ikibuma, hasara yake inabebeka. Hii ya majoka lazima ijenge nchi nzima: mavazi, majumba, viumbe vya kompyuta. Na mshangao wa mara ya kwanza haurudiwi. Alice in Wonderland ilipita dola bilioni 1 mwaka 2010, miezi michache baada ya Avatar kuwatia watu wazimu wa miwani ya sinema za 3D. Muendelezo wake ulikuja 2016, miwani imeshazoeleka, ukaishia karibu milioni 300.

Mhakiki basi ana nguvu wapi? Kwa mtu anayesita, asiye shabiki wala adui. Hapa Dar kazi hiyo anaifanya kijana anayetuwekea muvi kwenye flashi: "Hiyo imebuma, chukua nyingine." Binafsi namwamini kuliko gazeti lolote. Marekani ipo kampuni ya CinemaScore, inayowahoji watazamaji usiku wa kwanza na kuipa filamu alama kama za mtihani. Fantastic Beasts ya kwanza, filamu ya wachawi ya 2016, ilipata takriban dola milioni 814. Ya pili, mwaka 2018, watazamaji waliipa B-, alama ya chini kuliko filamu zote za ulimwengu wa Harry Potter zilizoitangulia, lakini bado ilivuna zaidi ya milioni 600, kwa mgongo wa ile ya kwanza. Bili ilikuja 2022. Filamu ya tatu wahakiki waliionea huruma zaidi kidogo kuliko ya pili, lakini ikaambulia karibu milioni 400. Kweli, korona ilikuwa haijaisha vizuri na mwigizaji wa adui mkuu alibadilishwa, ila watu wengi walishaamua miaka minne nyuma, wakitoka ukumbini. Mpango ulikuwa filamu 5. Ya nne haijapigwa.