Uppsala ni chuo cha nini hasa?

Mtu akiskia mtoto wa jirani kapata nafasi Uppsala, swali linalofuata huwa ni hilohilo, eti "pale ni chuo cha nini?", kama vile kila chuo kina fani yake moja kama kiwanda cha soda. Uppsala iko Sweden, kaskazini ya Stockholm, chuo kilianzishwa 1477, na jibu fupi ni kwamba wanatafiti karibu kila kitu. Ila jibu hilo halimsaidii mtu, ngoja niwape mfano.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 alikuwepo pale kijana anaitwa Svante Pääbo. Alianza na masomo ya Misri ya kale, akaona yanakwenda kwa mwendo wa kobe, akahamia udaktari, halafu PhD ya virusi na kinga ya mwili. Kazi rasmi anaifanya, lakini pembeni kimyakimya anajiuliza, hivi zile mumia za Misri (sio mumiani wa kutishia watoto, nazungumzia maiti zilizokaushwa) bado zina DNA, ile kemikali ya mwilini inayobeba urithi? Kabla hajagusa mumia akanunua maini ya ndama, akayatia kwenye oveni ya maabara mpaka yakakauka kama ng'onda, na harufu unaijua wewe mwenyewe. DNA ikapatikana, imekatikakatika lakini ipo. 1985 akachapisha habari ya DNA ya mumia, ambayo baadaye ilionekana huenda ilikuwa ya watu wa leo imejipenyeza tu, ndo maana akaja kuwa mkali mno kwenye usafi wa maabara. 2010, akiwa Ujerumani, yeye na wenzake wakatoa jenomu (DNA yote kwa jumla) ya Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale waliokwisha toweka, na 2022 akapewa Nobel ya tiba. Sasa niambie, hiyo ni historia au ni udaktari?

Na huku kuvuka mipaka ya fani sio jambo jipya pale. Nyuzi joto unazoziona kwenye simu zinatokana na Anders Celsius, profesa wa elimu ya nyota, na skeli yake ya 1742 ilikuwa kichwa chini miguu juu: maji yanachemka kwenye 0 na yanaganda kwenye 100, wakaja kuigeuza baadaye. Mnazi wetu kwa jina la kisayansi unaitwa Cocos nucifera kwa sababu ya Carl Linnaeus, profesa wa tiba, 1753.

Leo kuna idara ya amani na migogoro, kazi yao mojawapo ni kuhesabu vita. Watu wanakaa wanapitia habari moja moja kuona nani kauawa wapi na nani. Vifo 25 vya mapigano kwa mwaka ndo wanaanza kuita mgogoro wa silaha, vikifika 1,000 ni vita. Takwimu nyingi unazosoma kuhusu Kongo au Sudan zimepitia mikononi mwao.

Sio kila kitu cha mji huo ni cha kujivunia, 1922 serikali ilifungua Uppsala taasisi ya "biolojia ya mbari", yaani kuwagawa watu kwa asili yao na kuwapanga nani bora kuliko nani, wakawa wanapima watu mafuvu, wakiwemo Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini ya Sweden. Hilo nalo liliitwa sayansi.

Halafu kuna hili huwa linawashangaza watu: Kiswahili pia kimefundishwa palepale, na Abdulaziz Lodhi, mzaliwa wa Zanzibar, aliyechimba maneno tuliyoyapata kwa Waarabu, Waajemi na Wahindi. Achari, bima, serikali.