Tawi jipya la frateniti katika chuo cha Marekani: majina, karatasi na hesabu kabla ya sherehe

Ukiona picha ya vijana wa suti wamezunguka fremu yenye hati na herufi za Kigiriki, unatazama mwisho wa kazi. Kufikia hapo tawi limeshasimama au limeshaharibika, na ukitaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili, omba orodha ya wanachama na daftari la mweka hazina.

Frateniti ni chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume wa chuo. Vya kike huitwa sororiti. Mtindo wa chama mama kutoa hati kwa matawi ni wa zamani. Phi Beta Kappa ilianzishwa William & Mary, Virginia, mwaka 1776, na miaka michache baadaye ikatoa hati za kufungua matawi Yale na Harvard. Mfano ninaoupenda zaidi ni Alpha Phi Alpha, frateniti ya wanafunzi weusi iliyozaliwa Cornell. Ilianza kama kikundi cha kujisomea na kujadiliana katika mwaka wa masomo wa 1905–06, wakati wanafunzi weusi chuoni hapo walikuwa wachache na wametengwa. Tarehe 4 Desemba 1906 saba kati yao wakaamua kuwa frateniti, na kabla ya 1907 kwisha walikuwa na tawi la pili, Chuo Kikuu cha Howard. Mpangilio haujabadilika sana hadi leo: kikundi kwanza, hati baadaye.

Siku hizi kuna milango miwili. Wa kwanza, chuo kinatangaza kwamba kinapokea frateniti mpya, makao makuu ya frateniti kadhaa yanaomba, na itakayochaguliwa hutuma maofisa wake kukaa chuoni kwa wiki kadhaa wakisajili watu mmoja mmoja. Wa pili, wanafunzi wenyewe wanajikusanya, kisha wanaandikia makao makuu wanayoyataka. Wanaopita mlango huu wa pili hukosea mara nyingi mahali pamoja: wanaandikia makao makuu kabla ya kuuliza ofisi ya maisha ya wanafunzi. Vyuo vingi vina ratiba ya upanuzi, na kama mwaka huu si wa kufungua, barua yenu nzuri itakaa kwenye faili. Ulizeni pia kama frateniti hiyo iliwahi kuwa na tawi hapo likafungwa. Likifungwa kwa utovu wa nidhamu, chuo kwa kawaida husubiri hadi wanachama wote wa zamani wawe wamehitimu, ili wapya wasije wakarithi tabia zilezile.

Makao makuu yakikubali, kikundi kinakuwa tawi la muda. Kinapewa masharti ya kutimiza, na kwa kawaida safari ya kuelekea hati huchukua muhula mmoja hadi mitatu. Masharti hutofautiana, ila hayakosi mambo haya: idadi ya wanachama, mara nyingi isiyopungua wastani wa frateniti nyingine chuoni, GPA (wastani wa alama za masomo) ya kikundi kizima, kanuni za ndani, viongozi waliochaguliwa, mlezi kutoka kwa wahitimu, na hesabu zisizo na deni.

Idadi ndiyo inayoua matawi mengi, na huua polepole. Chukua kundi la waanzilishi 40. Kwenye ombi linapendeza. Sasa ligawe kwa miaka ya masomo: 14 wa mwaka wa nne, 12 wa tatu, 9 wa pili, 5 wa kwanza. Mei ya kwanza, wa mwaka wa nne wakihitimu, wanabaki 26. Mei ya pili wanabaki 14, hapo bado hujahesabu waliohama chuo, waliokosa ada na waliochoka. Maana yake, ili kubaki palepale, tawi linahitaji kuingiza watu 14 mwaka unaofuata na 12 mwaka wa pili, na kazi hiyo itafanywa na watu ambao hawajawahi kusajili mtu, kwa sababu wao wenyewe walisajiliwa na maofisa kutoka makao makuu. Wale wa mwaka wa nne wana raha ya kuitwa waanzilishi na kuandikwa kwenye hati, kisha wanaondoka. Siwalaumu. Lakini kama mimi ndiye ninayepanga, zaidi ya nusu ya kundi la mwanzo ningetaka wawe wa mwaka wa kwanza na wa pili, hata kama hilo litachelewesha hati kwa muhula mzima.

Tuje kwenye karatasi. Bila namba ya utambulisho ya mwajiri, EIN, inayotolewa na mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, benki haitafungua akaunti kwa jina la tawi. Namba hiyo haina malipo na huombwa kwa fomu SS-4. Kishawishi kikubwa ni kuweka ada kwenye akaunti binafsi ya mweka hazina "kwa muda tu". Msikubali. Ada zikishachanganyika na hela zake za chakula hakuna atakayeweza kuzitenganisha, na kijana wa watu ataonekana mwizi hata kama hakuiba senti.

Matawi mengi husamehewa kodi ya mapato kama vilabu vya kijamii, chini ya kifungu cha 501(c)(7), na mara nyingi huingizwa kwenye msamaha wa pamoja wa makao makuu. Hata hivyo taarifa ya kila mwaka kwa IRS inabaki palepale. Tawi ambalo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 hujaza 990-N, fomu fupi ya mtandaoni, kabla ya tarehe 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Ikikosekana miaka mitatu mfululizo, msamaha unafutika wenyewe. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Title IX, sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, inaziruhusu frateniti kubaki za wanaume peke yao kwa masharti: ziwe zimesamehewa kodi, na wanachama wake wawe hasa wanafunzi wa vyuo. Kwa hiyo fomu ya dakika kumi inayodharauliwa na kila mweka hazina inagusa uhai wa chama chenyewe.

Hesabu za ndani nitazionyesha kwa tarakimu za kubuni, kwani ada hutofautiana sana. Wanachama 40, ada ya dola 300 kwa muhula: dola 12,000. Makao makuu na bima yachukue dola 130 kwa kila kichwa, yaani 5,200. Baraza la frateniti chuoni lichukue 10 kwa kila kichwa, 400. Zinabaki 6,400. Sasa wanachama wanane wasilipe. Mapato yanapungua kwa 2,400, lakini bili ya makao makuu haipungui hata senti, kwa sababu wao wanatoza kwa orodha, hawaulizi nani kalipa. Zinabaki 4,000, na bajeti iliyopitishwa ni ya 6,400. Ndiyo maana katibu anapaswa kusafisha orodha kabla ya tarehe ya mwisho ya kuiwasilisha. Aliyeacha chama Septemba lakini jina lake limo Oktoba atatozewa ada, na watakaoilipa ni waliobaki.

Orodha hiyohiyo ndiyo inayopelekwa chuoni ili GPA zihakikiwe. Kwa sheria ya faragha ya mwaka 1974, FERPA, chuo hakitoi alama za mwanafunzi mmoja mmoja bila ridhaa yake iliyoandikwa, kwa hiyo kila mwanachama asaini fomu siku anayojiunga, isingoje wiki ya mitihani. Wanafunzi wetu kutoka Kenya na Tanzania wawe macho hapa. Majina matatu ya kwenye pasipoti, la kwake, la baba na la babu, mara nyingi huingia kwenye kompyuta za chuo kwa mpangilio mwingine, au la kati linaachwa. Andika jina kama lilivyo kwenye usajili wa chuo, pamoja na namba ya mwanafunzi. Jina la kwenye hati ni suala jingine. Hilo likaguliwe na mwenyewe kabla halijachapwa, maana hati ikishapelekwa kiwandani kurekebisha herufi moja ni gharama.

Kuhusu mateso ya kuwapokea wapya, matawi machanga yana hatari yake ya pekee. Waanzilishi hawana kaka waliowatangulia, basi wanajitungia "mila" kutoka kwenye filamu. Sheria ya Stop Campus Hazing Act, iliyosainiwa Desemba 2024, inavitaka vyuo viingize matukio haya kwenye taarifa zao za usalama za kila mwaka na kuchapisha majina ya vikundi vilivyopatikana na hatia. Programu ya wapya iandikwe wiki kwa wiki, ionwe na mlezi, na lisiwepo tukio lisilo na saa ya kuanza na ya kumaliza. Bima nayo ina masharti: pombe ikitumika kinyume cha sera, msije mkashangaa madai yakikataliwa.

Frateniti na sororiti tisa za wanafunzi weusi zilizo chini ya baraza la NPHC, lililoundwa Howard mwaka 1930, zina njia yao. Makundi yao ni madogo, usajili hautangazwi kwa kelele, na tawi la wahitimu wa karibu ndilo husimamia kila hatua. Utaratibu wa zamani wa kuwaweka wapya kwenye majaribio marefu ulifutwa rasmi mwaka 1990. Bila wahitimu walio tayari kusafiri kuja chuoni mara kwa mara, huko usianze.

Siku ya hati yenyewe haina mengi ya kueleza, na sehemu yake ni siri ya wenyewe. Tawi la jirani huleta vifaa na watu wa kuongoza kiapo, waanzilishi huingizwa kwa makundi, viongozi wanasimikwa, kisha jioni ni chakula na hotuba. Kagueni ukumbi mapema: vyuo vingi havitaki mshumaa wa moto ndani ya majengo yao, kwa hiyo tafuteni ya betri au kodini ukumbi nje ya chuo. Jina la tawi hufuata utaratibu wa chama. Wengine hupanga herufi kutoka Alpha, na zikiisha wanarudia kwa Alpha Alpha, Alpha Beta. Wengine hutanguliza jimbo, kama Ohio Alpha ya Phi Delta Theta. Alpha Phi Alpha haina tawi la kawaida liitwalo Omega, maana jina hilo limetengewa wanachama waliofariki.

Uchaguzi wa kwanza baada ya hati uwekeni Novemba, viongozi wapya waanze Januari. Wa zamani watakuwa bado wapo chuoni hadi Mei, na mweka hazina mpya atafunga muhula mmoja akiwa na wa zamani pembeni yake, nywila za benki na za IRS zikiwa zimeshabadilishwa.