Kijiko ni kilekile, dawa siyo

Juzi jioni mama mmoja alikuja dukani kwangu, mtoto wa kilo 10 mgongoni, akitaka chupa nyingine ya dawa ya homa. Nikamuuliza anampa kiasi gani. "Kijiko kimoja, dokta, kama siku zote." Nikaomba kuiona chupa aliyokuwa akitumia. Zamani alikuwa akinunua parasetamoli ya miligramu 120 katika kila mililita 5. Hii ilikuwa ya 250.

Sisi wafamasia hupiga hesabu kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku nzima. Kwa mtoto huyo, mililita 5 za chupa ya zamani zilitosha. Za chupa mpya ni miligramu 25 kwa kilo, na alikuwa anapewa pia dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Ukizidisha hivyo siku mbili tatu, ini ndilo linaloumia, na linaumia kimyakimya: mwanzoni mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Ukishuku umezidisha, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na chupa mkononi, usisubiri dalili.

Kijiko cha chai cha nyumbani nakiogopa, maana hakuna viwili vinavyolingana. Tumia kikombe kilichokuja na dawa, au omba bomba la sindano lisilo na sindano.

Ibuprofeni, dawa nyingine ya homa, ninaitoa kwa uangalifu zaidi. Haimfai mtoto wa chini ya miezi mitatu, wala anayeharisha na kutapika, kwa sababu figo zisizo na maji ya kutosha huumia. Mwenye tetekuwanga naye, hapana. Na sisi wa Dar es Salaam tulioiona dengi mwaka 2014 na 2019 tunajua kwamba dawa hiyo, pamoja na aspirini, huongeza hatari ya kutoka damu. Aspirini usimpe mtoto kabisa bila agizo la daktari.

Homa ikishuka, malaria bado inaweza kuwepo. Nilimwandikia mama "mililita 2.5" kwa wino mwekundu kwenye chupa, nikamwambia dawa ya mafua aiache, na ini la mtoto likaangaliwe usiku huohuo. Wakaenda hospitali. Huko walimpima na malaria pia.