Chupa moja ya maji ya mtaro haitoshi

Mvua za mwanzo zikishuka Mtwara, mara nyingi Novemba au Desemba, watu hukimbilia barazani. Mimi hutoka na chupa. Nasimama kwenye kalavati karibu na soko, nakinga maji kila baada ya dakika tano na kuandika saa kwenye kizibo, huku vijana wa bodaboda waliojibanza kibarazani wakiulizana nimepotelewa na nini. Kazi yangu ni kukadiria uchafu unaobebwa na maji ya mvua kutoka mitaani hadi ghubani. Dhana nilizokusanya kalavatini zimeshazidi chupa.

“Mtaro unapeleka maji yakasafishwe.” Hapana. Mtaro wa mvua si bomba la majitaka. Oili chafu ikimwagwa mbele ya gereji inatokea baharini, na njiani hakuna wa kuichuja.

“Chukua chupa moja, upime, utupe namba.” Hili hata watu wa ofisini huniambia. Zipange chupa za mvua moja mezani kwa mfuatano. Ya kwanza ni kama chai ya maziwa iliyoungua, ya tatu ni tope jepesi, na ya nane unaweza kuweka gazeti nyuma yake ukasoma kichwa cha habari. Ipi ndiyo ya kweli? Zote, kila moja kwa dakika yake. Kwa hiyo tunakadiria uzito wa uchafu wote uliopita katika mvua ile, kisha tunaugawa kwa maji yote yaliyopita. Wastani huo hauji bila kupima kina na kasi ya maji, na ndiyo maana kwenye kalavati langu kuna alama za rangi ambazo watoto wanadhani ni za uchaguzi.

“Mvua kubwa inausafisha mji.” Mji ndiyo, bahari je? Tuchukue hekta moja ya mji, tuseme asilimia 60 ya mvua inatiririka na nyingine inazama mchangani. Ikinyesha milimita 20, mtaroni zinaingia lita 120,000. Zikiwa na miligramu 100 za chembechembe kwa lita, hizo ni kilo 12. Sasa inyeshe milimita 50 na maji yawe masafi zaidi, miligramu 60 tu kwa lita. Lita zinakuwa 300,000 na kilo zinafika 18. Chupa imependeza, lakini mzigo wa ghuba umeongezeka. Anayepima kwa macho hupotea hapo.

“Kadiri jua linavyokaa, ndivyo uchafu unavyozidi.” Kwa muda tu. Vumbi la barabarani hujazana haraka siku za mwanzo, kisha kasi inapungua, kwa sababu upepo wa kusi na matairi hulipeperusha pembeni karibu kwa kiasi kile kile linachoongezeka. Hesabu zinazotumika kwenye programu za kompyuta za kukadiria maji ya mvua mijini, kama SWMM ya Wamarekani iliyotoka mwaka 1971, zinaruhusu mchoro wa namna hiyo: unapanda, halafu unalala. Mimi naogopa zaidi malori ya korosho. Msimu wake unaanza Oktoba, yanajipanga kuelekea bandarini yakidondosha oili, na mvua ziko njiani.

“Uchafu wote unaondoka na maji ya mwanzo.” Kwenye lami, mara nyingi ni kweli kiasi: kilichokuwepo kinaoshwa, kinakwisha. Lakini mitaa yetu mingi ni mchanga mtupu, na mchanga hauishi. Mvua ikizidi nguvu katikati, mtaro unachafuka upya. Ukinakili kanuni ya jiji lenye lami kila kona, utapata kilo chache kuliko zilizopita kweli. Nami niliwahi kunakili, nikajiona fundi.

“Uchafu ni plastiki.” Plastiki inaonekana, basi inapata lawama zote. Wamarekani walipochunguza vumbi la barabarani na kutoa ripoti mwaka 1972, chembe laini kabisa zilikuwa kama asilimia 6 tu ya uzito, lakini zilibeba zaidi ya nusu ya metali nzito. Ufagio unakusanya mchanga mkubwa na kuziacha hizo. Na paa lako la mabati? Limepakwa zinki, na kila mvua inaondoka nayo kidogo.

“Kompyuta ikishasema, imekwisha.” Kompyuta inasema ulichoilisha. Wengi huazima takwimu za uchafu wa maji ya mvua za Marekani, za kati ya 1979 na 1983, enzi ambazo magari ya kule yalikuwa bado yakichoma petroli yenye madini ya risasi. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Zilishe takwimu zile bila kuzigusa, nawe utaikuta Mtwara ina risasi isiyojulikana ilikotoka. Lazima ulinganishe na chupa za hapa hapa, mvua kadhaa, ndogo na kubwa.

Hata chupa zenyewe zina hila. Siku moja nilishuka hadi mdomo wa mtaro ufukweni, maji yakawa yanazidi kung’aa, nikafurahi. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akaniita.

“Mwanangu, unakinga nini?”

“Maji ya mvua, mzee wangu. Yanatoka mjini.”

“Hayo hayatoki popote. Leo bamvua. Tazama jani lile.”

Nikalitazama. Jani la mkorosho lilikuwa linaelea kuelekea juu, taratibu, likiurudia mji. Bamvua ni siku za maji kujaa kupita kawaida: bahari ilikuwa imeingia mtaroni, na chupa zangu tatu za mwisho zilikuwa na maji ya chumvi. Nikazimwaga. Kwenye daftari nikachora safu mpya: saa ya maji kujaa.