Je, rais wa Marekani hupora ardhi anapotangaza eneo la kumbukumbu ya taifa?

Kila rais wa Marekani anapotangaza eneo jipya la kumbukumbu ya taifa, yaani ardhi inayolindwa kwa ajili ya mambo yake ya kale au ya asili, wapo wanasiasa wanaopiga kelele kwamba serikali imepora ardhi ya wananchi. Si kweli. Sheria ya mwaka 1906 inamruhusu rais kutangaza ardhi ambayo tayari inamilikiwa au kusimamiwa na serikali kuu, basi. Shamba la mtu haliguswi.

Tazama Bears Ears, jimboni Utah. Ardhi aliyoitangaza Barack Obama mwezi Desemba 2016 ilikuwa ya umma tangu zamani, na walioomba ilindwe ni mataifa matano ya wenyeji asilia, yakiwemo ya Wanavajo, Wahopi na Wazuni, ambao mababu zao wamezikwa humo. Hata wafugaji wenye vibali waliendelea kulisha mifugo yao.

Mwaka uliofuata Donald Trump alilipunguza eneo hilo kwa takriban asilimia 85. Hakuna mkulima aliyerudishiwa shamba, kwa kuwa hakuna aliyenyang'anywa. Kilichoondolewa ni ulinzi, na sehemu kubwa ikafunguliwa kwa madai mapya ya haki ya kuchimba madini, jambo la kuumiza mno kwa wenye makaburi yao pale. Joe Biden alirejesha mipaka mwaka 2021.