Springi hazikatwi: dhana potofu za wenye Altezza na Impreza

Kila kijana wa Unguja anayetaka Toyota Altezza au Subaru Impreza yake ikae vizuri barabarani huanza na ombi lile lile: ikatwe springi koili moja na nusu. Tumeshaeleza mpaka basi, na gari bado zinaletwa gereji mipira (tairi) imeliwa kwa ndani na shokapu zinavuja. Someni kwanza, kabla msumeno haujashikwa.

Dhana: Gari ikishushwa inashika barabara, na njia rahisi ni kukata springi

Uzito ukikaa karibu na ardhi ni faida, hilo halina ubishi. Ila ugumu wa springi unatokana na idadi ya koili zinazofanya kazi. Springi ya koili 6 ukiikata moja na nusu zinabaki 4.5, na ugumu wake unapanda kwa theluthi nzima. Shokapu ni ile ile, iliyopangiwa springi laini, haina uwezo wa kuituliza hii mpya. Ndiyo maana gari hiyo ikipita tuta inadunda mara mbili tatu kabla ya kutulia, na mpira ulio hewani haushiki kitu.

Halafu kuna nafasi ya kushuka. Tuseme shokapu ilikuwa na sentimita 8 za kushuka. Ukiishusha gari sentimita 5 umebakiwa na 3. Uko kwenye kipilefti, gari imelala upande mmoja, unakutana na kibonde. Zile 3 zinakwisha, shokapu inagota kwenye raba yake, na uzito unamwagikia mpira mmoja kwa ghafla. Hapo gari inateleza bila kukupa dalili.

Kwa Impreza kuna baya zaidi, na hili wengi hawataki kulisikia. Inatumia shokapu za mtindo wa MacPherson. Ukiishusha sana, mkono wa chini unapanda upande wa gurudumu na kuinama upande wa bodi. Kitovu ambacho bodi inalalia kwenye kona kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe unavyoshuka, kwa hiyo nguvu ya kuilaza gari inaongezeka. Umeikata ili isilale, na sasa ina sababu kubwa zaidi ya kulala. Pembe ya tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu, nayo imeharibika: gurudumu linajikunja lenyewe kila likipanda na kushuka, na usukani unavuta huku na huku. Altezza, yenye mikono ya juu na ya chini, inavumilia kidogo, lakini kemba (gurudumu linavyoinama kwa juu) na too (linavyoelekea ndani au nje) zinahama vile vile.

Kukata kwa moto wa gesi ndiko kunakonitia hasira hasa. Chuma cha springi kimepikwa kwa kipimo. Moto unaua ugumu wake hapo ulipopita, rangi inababuka, chumvi ya pwani inaingia, na springi inavunjika. Aliyekata vizuri kwa msumeno naye hajasalimika: gari ikiinuliwa kwa jeki, springi fupi inalegea na kutoka kwenye kikalio chake.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Anza na mipira. Tizama tarakimu nne ubavuni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta wa zamani uliokauka na kupasuka, hata rimu nzuri vipi hazitakusaidia. Kisha badilisha bushi, boljointi na linki za stabilaiza zilizochoka. Baadaye shokapu na springi zilizotengenezwa kwenda pamoja, zinazoshusha milimita 20 hadi 30, basi. Kwa matuta yetu, zaidi ya hapo ni kuvunja bampa na kugonga sampu ya oili.

Na tafadhali, bolti za bushi za raba zisikazwe magurudumu yakiwa yananing'inia. Zikazwe gari imekaa kwa uzito wake. La sivyo raba inabaki imesokotwa muda wote na inachanika mapema. Mafundi wengi wanaliruka hili, kisha lawama anabebeshwa muuza bushi. Maliza na alaimenti: kwa gari ya kila siku, kemba nyuzi 1 hadi 1.5 hasi mbele, too sifuri au milimita moja kwa ndani. Ipime tena baada ya kilomita 500, springi zikishakaa.

Dhana: Egzosti lazima ibane kidogo, au itolewe kabisa

Zote mbili si kweli. Injini isiyo na turbo inataka moshi utoke kwa kasi, si ubanwe, na bomba pana kupita kiasi linaua kasi hiyo. Gari inakosa mvuto chini, pale pale unapouhitaji mjini. Kutoa silensa kunaongeza kelele tu.

Dhana: Filta ya hewa ya wazi inaongeza nguvu

Ikikaa nyuma ya rejeta inavuta hewa ya moto. Kila nyuzi 10 za joto zinapunguza uzito wa hewa kwa takribani asilimia 3. Rudisha boksi lake na bomba la kuvuta hewa ya nje, weka filta safi.

Dhana: WRX (Impreza ya turbo) ukiipandisha busti, yaani presha ya turbo, kidogo haidhuriki

Kompyuta yake ilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, inayoanzia oktani 96. Ukipandisha busti bila kupanga upya mafuta na muda wa plagi, injini inagonga, na pistoni za EJ20, injini yake, humeguka pale zinaposhika ringi. Hiyo ni injini ya kufungua yote.

Dhana: Oili nzito inalinda injini kwenye joto letu

VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu, inafanya kazi kwa presha ya oili, na oili nzito inaichelewesha. Fuata daraja la kitabu cha gari.

Dhana: Koilova mpya (springi na shokapu za kurekebishwa urefu) hazishiki kutu

Hapa zinashika, na nati za kurekebishia urefu zinaganda zisigeuke tena. Safisha nyuzi za skrubu kwa brashi na upake grisi kila baada ya miezi mitatu. Ukitoka pwani osha chini ya gari siku hiyo hiyo kwa maji ya mfereji; ya kisima chenye chumvi yanaongeza tatizo.