Annaberg: usianzie kwenye mnara

Ukifika Annaberg, magofu ya kiwanda cha sukari katika kisiwa cha St. John huko Karibi, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye mnara wa kinu cha upepo. Una urefu wa zaidi ya mita 11, nyuma yake kuna bahari ya buluu, na kila mgeni anatoa simu apige picha. Mimi nakuomba uanzie mteremkoni, kwenye makazi ya watumwa.

Huko hutaona mengi. Vibanda vilikuwa vya fito na udongo, vimeezekwa kwa majani, na vimekwisha zamani. Kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale ya mawe, kwa hiyo nimezoea kusoma kuta. Hapa nilijifunza kusoma mahali palipokosa kuta. Watu waliojenga kila kitu kilichosimama pale juu wenyewe walilala kwenye udongo.

Sasa panda, ukaziguse kuta. Mtu wa Kilwa au Lamu atalitambua jiwe hilo mara moja: ni tumbawe, aina ile yenye mikunjo kama ubongo, lililokatwa baharini likiwa bado laini na kuachwa likauke. Chokaa nayo ilichomwa kutokana na matumbawe na makombe, kama kwetu. Pembeni mwa madirisha kuna matofali ya manjano yaliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya, kwani Wadenmark ndio waliotawala kisiwa hiki hadi walipokiuzia Marekani mwaka 1917. Denmark ilipiga marufuku biashara ya kuvusha watumwa baharini kuanzia 1803. Mnara huu ulijengwa baada ya hapo, kati ya 1810 na 1830, na waliobeba mawe yake walikuwa bado watumwa. Utumwa wenyewe haukuguswa.

Simama karibu na kinu utazame chini, mtambo mzima utauelewa. Muwa uliokatwa hauwekeki. Ukichelewa kukamuliwa unachacha. Kwa hiyo msimu wa mavuno kazi ilikwenda usiku na mchana. Upepo ukitulia, kulikuwa na kinu cha pili, cha kuzungushwa na wanyama. Miwa ilisukumwa kwa mkono kati ya magurudumu matatu yaliyosimama wima, na mtu aliyechoka angeweza kuvutwa vidole, kisha mkono. Katika viwanda vya Karibi, shoka liliwekwa karibu na kinu kwa ajili hiyo: kuukata mkono kabla mwili haujafuata.

Maji ya miwa yaliteremka yenyewe hadi jengo la kuchemshia. Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote. Tazama matundu ya duara yaliyojipanga kando ya ukuta: kila moja lilikaliwa na sufuria, kubwa kwanza, kisha ndogo zaidi na zaidi. Chini yake uliwaka moto wa makapi ya miwa ileile. Wapishi walitia chokaa kidogo ili takataka zipande juu, wakaengua povu, wakahamisha uji unaochemka kwa upawa mrefu kutoka sufuria hadi sufuria. Mwishoni sukari guru ilipoa na kuganda, molasi, ule uji mweusi mtamu usioganda, ikachujwa, na sehemu yake ikageuzwa kuwa ramu, pombe kali ya miwa. Kujua dakika ya kuepua sukari ni ufundi mkubwa, na mafundi wenyewe walikuwa mali ya mtu.

Kabla hujaondoka, rudi kwenye ukuta unaotazama kaskazini. Ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari ni Tortola, kisiwa cha Waingereza. Huko utumwa ulifutwa tarehe 1 Agosti 1834. Huku ilikuwa 3 Julai 1848. Kwa miaka hiyo 14 wapo waliovuka usiku, kwa mashua ya wizi au kwa kuogelea. Siku nilipokwenda hali ya hewa ilikuwa safi, na kutoka pale niliweza kuhesabu nyumba za upande wa pili.